Punje Mia Moja Kwenye Uteo: Somo Kuhusu Vifo vya Watoto Wadogo



Somo letu la leo ni la watoto walio chini ya miaka mitano: wangapi walikuwa wanakufa zamani, wangapi wanakufa siku hizi, na kwa nini hesabu imebadilika. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkiona ni refu, ligawanyeni mara mbili. Mtahitaji uteo mmoja, punje 100 za mahindi na daftari la kikundi.

Kwanza neno kwa kiongozi wa mkutano. Katika kila kikundi wapo kina mama na kina baba waliozika mtoto. Asilazimishwe mtu kusema yake. Anayetaka kusema asikilizwe mpaka mwisho, na asiulizwe "kwani ulifanya nini?" Hatukukutana hapa kumtafuta mwenye makosa.

1. Hesabu hizi zinatoka wapi?

Mzee mmoja anaweza kuuliza, "Mtoto aliyefia nyumbani akazikwa shambani jioni hiyo hiyo, serikali ilimjuaje?" Swali hilo ni zuri. Sheria inasema kila kuzaliwa na kila kifo kiandikishwe, na kikitokea nyumbani habari ipelekwe kwa naibu wa chifu. Lakini sisi sote tunajua vifo vingi vya watoto wachanga haviandikwi popote.

Kwa hiyo wataalamu waliona njia nzuri ni kuwauliza kina mama wenyewe. Tangu 1989 nchi yetu imefanya uchunguzi mkubwa wa afya mara saba: 1989, 1993, 1998, 2003, 2008-09, 2014 na 2022. Wahoji hupita nyumba kwa nyumba katika sehemu zilizochaguliwa, wakimwuliza mama: Umezaa watoto wangapi? Walio hai ni wangapi? Aliyefariki alikuwa na umri gani? Majibu yote yakijumlishwa, tunapata jibu la swali hili: kati ya watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, wangapi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano?

Kwa hivyo msiziogope hesabu hizi kama kitu cha watu wa Nairobi. Zimetoka vinywani mwa kina mama kama ninyi. Kila uchunguzi unaonyesha hali ya miaka kama mitano iliyoutangulia.

2. Zoezi la punje

Mwekeni mtu mmoja ashike uteo. Hesabuni punje 100 za mahindi mziweke juu yake. Kila punje ni mtoto mmoja aliyezaliwa hai Kenya. Sasa msomaji ataje mwaka, na mshika uteo aondoe punje za watoto waliokufa kabla ya miaka mitano. Baada ya kila mwaka, zirudisheni zote zifike 100 tena.

Karibu na mwaka 1960, kabla ya Uhuru: ondoeni punje 20.
Uchunguzi wa 1989: ondoeni 9.
Wa 1993: ondoeni kama 10.
Wa 1998: ondoeni 11.
Wa 2003: ondoeni 11, na ya 12 ivunjeni nusu.
Wa 2008-09: ondoeni 7.
Wa 2014: ondoeni 5.
Wa 2022: ondoeni 4.

Nyamazeni kidogo muangalie. Kisha kiongozi aulize: Mmeona nini?

Wengi watasema, "Vifo vimepungua." Ni kweli, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Tuseme kikundi chenu kina mama 20, na wote kwa pamoja wamezaa watoto 60. Kwa hesabu ya 1960, watoto 12 kati ya hao wangezikwa kabla ya miaka mitano. Kwa hesabu ya 2022 ni wawili au watatu. Ulizeni nyanya zenu kama si kweli. Enzi zao ilikuwa vigumu kumpata mama wa makamo ambaye hajazika.

Lakini angalieni tena. Hesabu haikushuka moja kwa moja. Ilishuka mpaka 1989, halafu kati ya 1989 na 2003 ikapanda, kisha ikashuka tena. Hapo ndipo penye somo. Kama kifo cha mtoto kingekuwa majaliwa tu, hesabu ingekaa pale pale miaka yote. Mungu hakuwapenda watoto wa 1989 kuliko wa 2003. Kuna mambo yaliyofanywa na watu, na kuna mambo yaliyoachwa na watu.

Tena haikuwa sawa kila mahali. Katika uchunguzi wa 1998, Nyanza ilipoteza karibu watoto 200 kati ya 1,000. Mkoa wa Kati walikuwa chini ya 40. Sisi wa Bonde la Ufa tulikuwa karibu 70. Nchi moja, bendera moja, lakini mtoto wa Nyanza alikuwa katika hatari zaidi ya mara tano kuliko wa Mkoa wa Kati.

3. Kwa nini vifo vilishuka mara ya kwanza?

Tangu Uhuru mpaka miaka ya themanini mambo mengi yalifanyika pamoja. Zahanati zilijengwa, nyingine na serikali, nyingine na makanisa, na nyingi kwa harambee ya wananchi waliobeba mawe na mchanga wenyewe. Mwaka 1980 ulianzishwa mpango wa taifa wa chanjo, na kina mama wakaanza kupeleka watoto kliniki kwa kadi. Surua, kifaduro na pepopunda, magonjwa yaliyokuwa yanamaliza watoto, yakaanza kurudi nyuma.

Wasichana wengi zaidi walienda shule. Mama aliyesoma hata kidogo husoma kadi ya kliniki, huuliza nesi maswali, na huondoka nyumbani mapema mtoto anapougua. Pia watu walifundishwa kwamba mtoto anayehara huuawa na kukaukiwa maji mwilini, kwa hiyo anyweshwe, asinyimwe.

4. Kwa nini vilipanda tena?

Kwanza, UKIMWI. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Miaka ya tisini dawa hizo hazikuwa zimewafikia watu wa kawaida. Watoto walikufa, na wengine waliachwa yatima, na yatima mdogo yuko hatarini hata kama hana virusi. Serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Novemba 1999, wakati makaburi yalikuwa tayari mengi.

Pili, malaria ilianza kuishinda klorokwini. Mama alimpa mtoto dawa ile ile iliyomponya kaka yake, na homa isishuke. Mwaka 1998 dawa ilibadilishwa, nayo mpya ikazoeleka kwa vimelea upesi, ikabidi ibadilishwe tena mwaka 2004.

Tatu, pesa. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali zake, na watu waliofika kutibiwa wakapungua sana. Ada nyingine zilisimamishwa 1990, zikarudishwa baadaye. Mama asiye na shilingi husubiri kesho, kwa kuwa ana tumaini kwamba mtoto ataamka na nafuu. Mtoto mwenye nimonia hana kesho nyingi.

Nne, chanjo zililegea. Mwaka 1993 watoto 79 kati ya 100 walikuwa wamemaliza chanjo zao za msingi. Kufikia 2003 walikuwa chini ya 60.

Na hapa kwetu tuongeze la tano, ambalo hatupendi kulitaja. Mapigano ya 1992, ya 1998, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalitoa familia nyingi makwao Molo, Njoro, Kuresoi na kwingineko, zikalala katika viwanja vya kanisa na katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mtoto aliye chini ya turubai katika baridi yetu, ambaye kadi yake ya kliniki imeungua na nyumba, yuko karibu na kifo. Amani pia ni dawa ya watoto.

5. Kwa nini vilishuka mara ya pili?

Mambo yale yaliyoharibika yalirekebishwa, moja baada ya lingine.

Mwaka 2004 ada katika zahanati ilishushwa ikawa shilingi 10, na katika vituo vya afya shilingi 20, na watoto wa chini ya miaka mitano wakasamehewa. Mwaka 2006 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali, na mama wajawazito wakapimwa na kutibiwa. Siku hizi, mama akitumia dawa vizuri, watoto wanaoambukizwa ni chini ya watano kati ya 100.

Mwaka huo huo wa 2006 vyandarua vyenye dawa zaidi ya milioni 3 viligawiwa bure. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya nne uligundua kwamba vifo vya watoto waliolala ndani ya chandarua vilikuwa pungufu kwa asilimia 44. Sisi wa Molo twaweza kusema mbu hatuna, lakini ndugu zetu wa Marigat na Mogotio wanajua chandarua ni nini.

Chanjo mpya zikaja: ya nimonia mwaka 2011, na ya kuhara kunakoletwa na virusi vya rota mwaka 2014. Juni 2013 kujifungua katika hospitali za serikali kulifanywa bure.

Hata duniani kote ilikuwa hivyo. Mwaka 1990 walikufa watoto karibu milioni 13 wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa milioni 4.9.

Lakini tusilale. Kilichoshuka chaweza kupanda, tumekwisha kuona. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya afya, pamoja na ile ya UKIMWI. Katikati ya mwaka huo huo chanjo za BCG na polio zilipungua katika sehemu nyingi za nchi, na kina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wao mgongoni. Mambo kama hayo ndiyo yalipandisha hesabu miaka ya tisini.

6. Punje nne zilizobaki ni za nani?

Rudini kwenye uteo. Toeni zile punje nne za 2022 mziweke kiganjani. Tengeni mbili. Hizo mbili ni watoto waliokufa kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza.

Hapa ndipo tulipokwama. Mwaka 2003, kati ya watoto 1,000, watoto 33 walikufa katika mwezi wa kwanza, na 82 baada ya mwezi huo. Mwaka 2022 waliokufa mwezi wa kwanza ni 21, na baada ya hapo ni 20. Vifo vya watoto wakubwa kidogo vimepungua kwa robo tatu. Vya watoto wachanga vimepungua kwa kama theluthi moja tu. Na tangu 2014, vilipokuwa 22, ni kama havikusogea.

Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo kina mama wamekubali kwenda hospitali. Mwaka 2014 waliojifungulia katika kituo cha afya walikuwa 61 kati ya 100. Mwaka 2022 walikuwa 82. Kumbe kufika hospitali peke yake hakutoshi. Ni lazima kufika mapema, na kukuta nesi, oksijeni na mahali pa joto pa kumweka mtoto. Na akirudi nyumbani, ni lazima nyumba nayo iwe tayari.

Watoto hawa wachanga hufa hasa kwa mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizo yanayoingia katika damu. Chanjo na chandarua haviwezi kumaliza haya.

7. Kikundi kifanye nini?

*Joto.* Kwetu Mau, Elburgon na Kuresoi, usiku mtoto mchanga hupoa upesi. Asioshwe siku ya kwanza. Akaushwe, avalishwe kofia na soksi, akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Mtoto aliyezaliwa mdogo akae hivyo mchana na usiku, kama nesi atakavyoelekeza. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa mashine za kuwapa watoto joto. Baba pia ana kifua. Mama akichoka, baba ambebe. Msiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake inaua.

*Maziwa.* Anyonye ndani ya saa ya kwanza, na maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Asipewe maji ya sukari. Maziwa ya njano ya mwanzo yasikamuliwe na kumwagwa.

*Kitovu.* Kisipakwe majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta. Kiwe safi na kikavu. Kama hospitali imewapa dawa ya kitovu, tumieni hiyo tu.

*Dalili za hatari.* Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayepumua haraka au kifua kikibonyea ndani, aliye na degedege, aliye moto sana au baridi sana, aliyelegea, mwenye viganja vya njano, au kitovu chenye usaha: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msingoje nyanya afike kutoka kijiji kingine kumwangalia.

*Pesa ya usafiri.* Hili ndilo jambo kubwa kwa kikundi. Wengi wenu mnazo pesa za mzunguko na za mikopo. Tengeni mfuko mdogo wa dharura ya mama na mtoto, ukae kwa mtu wa karibu anayeweza kuamshwa usiku. Kubalianeni mapema na mwenye gari au mwenye boda boda, bei ijulikane, nambari yake ya simu iwe kwa kila mjamzito.

Mahali pengine tumesikia ubishi: "Huyu mama hajamaliza michango yake, tumpeje?" Tunashauri hivi. Mfuko huu usifuate sheria za mkopo. Hakuna riba, na hakuna anayeulizwa deni usiku ule. Mtoto hana deni. Mambo ya michango yatazungumzwa mkutanoni, mtoto akiwa hai.

*Bima na kliniki.* Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilibadilishwa kuwa SHA. Kila mjamzito aulizwe mapema: Umejisajili? Umeanza kliniki? Msingoje uchungu uanze.

*Kazi.* Sheria ya kazi ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili. Wenzetu walio katika mashamba ya maua Naivasha na Gilgil waijue. Na mama anayefanya kibarua, asiye na likizo, majirani wamsaidie japo mwezi ule wa kwanza asirudi shambani na mtoto mgongoni.

*Sauti.* Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti. Mkutano wa bajeti ukitangazwa, tumeni watu wawili. Waulize: Zahanati yetu ina nesi usiku? Kuna oksijeni? Gari la wagonjwa lina mafuta? Na yule mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu, mmoja wa zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa Septemba 2023, mwalikeni mkutanoni mjue anazo kazi gani.

8. Neno juu ya "mapenzi ya Mungu"

Mtoto anapofariki, sisi Wakristo husema, "Mungu ametoa, Mungu ametwaa." Ni maneno ya faraja, na hatuwezi kumnyang'anya mama faraja yake. Lakini tuangalie tusimtwike Mungu mzigo usio wake. Kama mtoto alifariki kwa kukosa shilingi mia tano za boda boda, hiyo ilikuwa shida ya nauli, na nauli twaweza kuitafuta. Tumlilie mtoto pamoja na mama yake. Halafu, siku nyingine, tuulize kwa upole kilichokosekana ni nini, ili asife mwingine kwa jambo hilo hilo.

9. Maswali ya kuzungumzia

1. Nyanya zetu walipoteza watoto kwa magonjwa gani? Ni yapi yamekwisha hapa kwetu, na ni yapi bado yapo?
2. Miaka ya tisini hesabu ilipanda. Katika sababu tulizotaja, ni ipi mnaikumbuka ninyi wenyewe?
3. Usiku wa leo mama akianza uchungu au mtoto mchanga akataye kunyonya, nani atapigiwa simu? Gari ni la nani? Pesa ziko kwa nani?
4. Kwa nini baba wengi hawafiki kliniki? Kikundi chaweza kufanya nini?
5. Kati ya wajawazito walio karibu nasi, ni yupi anaishi mbali na barabara, au peke yake, au haelewani na majirani? Nani atamtembelea wiki hii?

Kazi ya nyumbani

Fungueni ukurasa mpya katika daftari la kikundi. Andikeni kila mjamzito wa kijijini aliyekubali kuandikwa, na mwezi anaotarajia. Akijifungua, andikeni tarehe, na siku ya 3, ya 7 na ya 28 mtu mmoja apite kumjulia hali, aandike "salama" au aandike kilichotokea. Mwisho wa mwaka hesabuni. Hiyo itakuwa hesabu yenu wenyewe, na mkienda mkutano wa kaunti mtakuwa na kitu mkononi.

Taifa limekubali pamoja na mataifa mengine kwamba kufikia 2030 vifo vya mwezi wa kwanza visizidi 12 kati ya 1,000. Tuko 21. Zile punje mbili mlizozitenga, msizirudishe guniani. Zifungeni kwenye karatasi muziweke ndani ya daftari, mpaka mkutano ujao.